Barua ya wazi kwa viongozi wa FC Barcelona: simulieni maisha ya Joan Gamper mpaka mwisho

Kwa Rais na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,
FC Barcelona,
Barcelona, Hispania.

YAH: MWASISI WENU, MIAKA YAKE MITANO YA MWISHO, NA JINA LA CONGO MNALOLIVAA MGONGONI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kigoma, mji wa Tanzania ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya maji haya ni Congo. Mimi ni shabiki wa Barcelona. Si mwanachama mwenye kadi, sina kura katika mkutano wenu mkuu, na sijawahi kuukanyaga uwanja wenu. Nawaandikia kwa ajili ya mtu mmoja ambaye jina lake mnalitaja kila mwaka, lakini maisha yake, kwa jinsi yanavyotufikia sisi tulio mbali, yamekatwa katikati. Ninaomba yasimuliwe yote, na mwisho wake mchungu usifichwe. Tena ninaomba mwisho huo uwaongoze katika jambo moja mnalolifanya sasa, ambalo linatugusa sana sisi watu wa ziwa hili.

Sisemi mmemsahau Joan Gamper. Kombe lenye jina lake linachezwa tangu 1966. Viwanja vyenu vya mazoezi kule Sant Joan Despí, vilivyofunguliwa 2006, vinaitwa kwa jina lake. Hata siku mliyorudi Camp Nou baada ya ukarabati wa zaidi ya miaka miwili, mkaifunga Athletic Club 4-0, ilikuwa tarehe 22 Novemba 2025. Na tarehe 22 Novemba ndiyo aliyozaliwa Gamper, mwaka 1877. Nilipoiona ratiba ile nilifurahi kama mtu aliyeletewa habari njema za nyumbani.

Lakini njooni mwezi Agosti kwenye banda umiza lolote la huku kwetu, siku ya Kombe la Gamper. Vijana wamelipa kiingilio chao, jezi wamevaa, na jina la kila mchezaji wa akademi yenu wanalijua. Waulizeni Gamper ni nani. Wengi watawaambia ni jina la mdhamini. Siwalaumu. Mtangazaji analitaja jina hilo tangu mchezo unaanza hadi kombe linainuliwa, wala hasemi kwamba huyu alikuwa mtu, tena mgeni katika mji ule, tena mfanyabiashara, na kwamba bila yeye hakuna jezi ile waliyoivaa.

Basi kwa ajili ya wasomaji wa barua hii ambao hawamjui, niruhusuni nimsimulie.

Alizaliwa Winterthur, Uswisi, akapewa jina la Hans Max Gamper. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Hans akiwa bado mtoto mdogo, na familia ikahamia Zürich. Huko akakua kijana wa kila mchezo: mbio, baiskeli, raga, tenisi, na zaidi ya yote kandanda. Mwaka 1896, akiwa na miaka 18, alikuwa miongoni mwa vijana walioianzisha FC Zürich. Kandanda haikuwa kazi ya kumlisha mtu wakati ule, kwa hiyo riziki yake ilikuwa hesabu na biashara, na biashara ndiyo iliyomtoa kwao.

Alifika Barcelona mwaka 1898. Inasimuliwa kwamba safari yake ilikuwa ya kuja Afrika kwenye biashara ya sukari, na pale alipita tu kumsalimia jamaa yake. Akaupenda mji, akabaki. Akapata kazi ya uhasibu, akawa anaandikia magazeti ya michezo ya kwao Uswisi, na jioni alicheza mpira na wageni wenzake na vijana wa mtaa wa Sarrià. Sisi wa Kigoma hatushangazwi na safari ya namna hiyo. Mji wetu wa Ujiji umejengwa na watu waliokuja na misafara ya biashara kutoka pwani na kutoka ng'ambo ya ziwa, wakiwa na nia ya kupita, wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa. Wajukuu zao leo ndio wenyeji.

Tarehe 22 Oktoba 1899 gazeti la Los Deportes lilichapisha tangazo fupi. Lilisema kuna Mswisi anayetaka kuandaa mechi za kandanda mjini Barcelona, na kila anayeupenda mchezo huo afike ofisi za gazeti Jumanne na Ijumaa usiku, kati ya saa 3 na saa 5. Jina lake walilikosea: waliandika Kans Kamper. Mimi hulifikiria sana tangazo hilo. Kijana wa miaka 21, mwaka mmoja tu tangu afike katika mji wa watu, jina lake halijawakaa wenyeji vizuri, hana fedha nyingi, hana cheo. Anachokitoa ni saa mbili za usiku, mara mbili kwa wiki, akimngoja yeyote atakayeingia mlangoni.

Waliingia. Tarehe 29 Novemba 1899 watu 12 walikutana katika ukumbi wa mazoezi wa Solé na kuianzisha klabu. Gamper alikuwa ametimiza miaka 22 wiki moja kabla. Walikuwapo Wakatalonia kama Lluís d'Ossó na Bartomeu Terradas, wakakaa meza moja na Waswisi na Waingereza. Walter Wild akawa rais wa kwanza, Gamper akawa nahodha. Hakuna aliyeulizwa anasali kanisa gani, ingawa Gamper alikuwa Mprotestanti katika mji wa Wakatoliki. Na si kwamba mambo hayo hayakuwa na uzito siku zile. Mwaka uliofuata, 1900, wanafunzi wa chuo kikuu wakiongozwa na Ángel Rodríguez waliianzisha Espanyol, wakajivunia kwamba yao ni timu ya wenyeji, si ya wageni kama ile nyingine. Ile nyingine ndiyo yenu.

Uwanjani alikuwa mfungaji hatari, mwenye mabao zaidi ya 100 kwa miaka michache aliyocheza. Mei 1902 alikuwamo katika kikosi kilichosafiri kwenda Madrid kwenye mashindano ya kutawazwa kwa mfalme. Huko Barcelona ilikutana na Madrid kwa mara ya kwanza katika historia na kushinda 3-1, kisha ikapoteza fainali 2-1 mbele ya Vizcaya ya Bilbao. Muda si mrefu baadaye akastaafu kucheza, akageukia biashara zake na familia yake. Alimwoa Emma Pilloud, Mswisi mwenzake, wakapata watoto wawili wa kiume.

Hapo angeweza kuishia, akakumbukwa kama mmoja wa waasisi kumi na wawili. Lakini mwaka 1908 klabu ilikuwa inakata roho. Wanachama walikuwa wamebaki 38. Hakuna uwanja wa kudumu, hakuna fedha, na walio wengi walikwishakubali kwamba mambo yamekwisha. Tarehe 2 Desemba 1908 Gamper alisimama akakataa. Akachukua urais katika wakati ambao hakuna aliyekuwa akiutaka, na tarehe 14 Machi 1909, miezi mitatu na siku chache baadaye, klabu ikafungua uwanja wake yenyewe wa kwanza, ule wa Carrer Indústria, wenye nafasi ya watu 6,000. (Kwa vijana wa huku wanaojiita Culé bila kujua jina limetoka wapi: linasimuliwa kuwa lilizaliwa pale. Uwanja ulijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta, na waliopita barabarani waliona migongo na makalio yao yamejipanga mstari, na makalio kwa Kikatalani ni cul.)

Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa 1908. Klabu ya mji ule ilikuwa mgonjwa mahututi, na aliyeiuguza ni mtu aliyetoka nje. Tangu siku hiyo hadi 1925 alikuwa rais mara tano. Hakuwa mtu wa kung'ang'ania kiti; aliondoka, klabu ikiyumba anaitwa, anarudi. Ni katika zama zake Paulino Alcántara, kijana aliyezaliwa Ufilipino, alianza kuichezea Barcelona akiwa na miaka 15, akaja kuwa mfungaji wa kutisha kwa miaka mingi. Ni yeye aliyewajengea Les Corts, uwanja uliofunguliwa tarehe 20 Mei 1922, kwa sababu Carrer Indústria haukuweza tena kubeba umati. Kutoka wanachama 38 hadi maelfu, katika miaka isiyozidi 15. Na mwenyewe alikuwa amekwishajifunza Kikatalani, akawa Joan, akaipenda Katalonia waziwazi bila kuona haya.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza.

Hispania ya wakati huo ilikuwa chini ya udikteta wa Jenerali Miguel Primo de Rivera, ambaye hakutaka kusikia habari za Ukatalonia. Tarehe 14 Juni 1925 Barcelona ilicheza mechi ya heshima kwa kwaya ya Orfeó Català pale Les Corts. Bendi ya wanamaji wa Uingereza ilikuwapo. Ilipopiga wimbo wa taifa wa Hispania, uwanja ukazomea. Ilipopiga wimbo wa taifa wa Uingereza, watu wakapiga makofi. Haikuwa kazi ya Gamper. Hakuna rais wa klabu duniani anayeweza kuwafumba mdomo maelfu ya watu waliobanwa. Lakini serikali ilitaka mtu wa kubeba, na mtu rahisi kubeba ni mgeni. Uwanja ulifungiwa miezi sita, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa. Gamper alilazimishwa kuachia urais na kuondoka nchini. Baada ya miaka 27 katika mji ule, baada ya kuuzalia watoto na klabu, akakumbushwa kwamba kwao ni Uswisi.

Baadaye aliruhusiwa kurudi, kwa sharti kwamba asijihusishe tena na klabu.

Waheshimiwa, hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Tunasimuliwa 1899, tunasimuliwa 1908, tunasimuliwa Les Corts. Kuanzia 1925 sauti inashuka. Mtu yule aliishi katika mji uleule wenye uwanja aliousimamia ukijengwa, akizisikia habari za mabao, na hana ruhusa ya kuwa sehemu ya kile alichokianzisha kwa mikono yake. Kisha ukaja mwaka 1929 na anguko la uchumi la dunia. Biashara zake zikaenda na upepo huo. Aliyekuwa tegemeo la wengine akawa mtu mwenye madeni na huzuni nzito. Tarehe 30 Julai 1930, akiwa na miaka 52, alijitoa uhai nyumbani kwake. Alizikwa Montjuïc, na mji ulijitokeza kwa wingi kumsindikiza.

Najua kwa nini sauti inashuka. Kifo cha namna hiyo kinatia aibu familia na taasisi, kila mahali. Huku kwetu pia tunakizika haraka na kwa maneno machache. Lakini nawaambia, kwa heshima zote, kwamba sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo ambayo sisi tunaihitaji kuliko mabao yake. Katika masoko yetu wamo wafanyabiashara walioelemewa na mikopo ya kausha damu, wanaopokea simu za kudaiwa usiku na mchana, wanaofungua duka asubuhi wakitabasamu na kulifunga jioni bila kujua kesho watawaambia nini watoto. Mwanamume wa kwetu hafundishwi kusema kwamba amezidiwa. Anafundishwa kukaza. Wengi wa hao ni mashabiki wa mpira. Banda umiza ndilo mahali pekee wanapokaa saa mbili bila kuwaza deni. Kama kuna sauti moja wanayoweza kuisikiliza kuhusu sonona, ni ya klabu wanayoipenda, ikiwaambia kwamba mwasisi wetu, mtu jasiri aliyeikataa mauti ya klabu mwaka 1908, alifika mahali akazidiwa, na wakati huo alikuwa ametengwa na watu wake. Hiyo si aibu ya Gamper. Kama kuna aibu, ni ya walioamuru atengwe.

Tarehe 30 Julai 2030 itatimia miaka 100 tangu afariki. Nawaomba muanze kujiandaa sasa, na mjiandae kwa uwazi. Msiifanye siku ya jezi maalumu na mauzo. Ifanyeni siku ya kuisimulia miaka mitano ile, 1925 hadi 1930, kwa lugha zote ambazo mashabiki wenu wanazisema, Kiswahili kikiwamo. Waelezeni watu alichofanyiwa, alivyoporomoka, na mahali ambapo mtu aliye katika hali kama yake leo anaweza kukimbilia. Kila Agosti, kabla ya mechi ya kombe lake kuanza, mpeni dakika tano kwenye matangazo yanayokwenda dunia nzima. Hazigharimu kitu.

Sasa nije kwenye lile linalotugusa sisi.

Mwishoni mwa Julai 2025, siku zilezile za kumbukumbu ya kifo chake, mlitangaza mkataba wa miaka minne na serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Taarifa zilizosambaa zilitaja zaidi ya yuro milioni 40. Kwa mkataba huo jezi za mazoezi za timu zenu kubwa, wanaume na wanawake, zinabeba mgongoni jina la Congo na maneno yanayoiita moyo wa Afrika. Mliahidi pia nyumba ya maonesho ya Congo kwenye Camp Nou, na mafunzo ya michezo kwa watoto na vijana wa nchi hiyo. Kwa hiyo kila asubuhi, katika viwanja vinavyoitwa Joan Gamper, jina la jirani zetu linakimbia mgongoni mwa wachezaji wenu.

Jezi yenu ya mechi nayo ina alama mgongoni. Tangu msimu wa 2022/23, chini ya namba ya mchezaji, mliweka alama ya shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, UNHCR, kwa makubaliano ya misimu minne ambayo ninyi ndio mliokubali kutoa fedha, yuro 400,000 kila msimu, na miradi katika nchi nne, Uganda ikiwamo. Niliwaheshimu sana kwa hilo na nawaheshimu bado. Klabu iliyozaliwa na wageni kubeba alama ya waliofukuzwa makwao ni jambo ambalo Gamper angelielewa bila kuelezwa.

Lakini hebu zitazameni jezi hizo mbili pamoja. Moja ina jina la nchi. Nyingine ina alama ya shirika linalowahudumia waliokimbia nchi hiyohiyo. Sisi wa Kigoma tunawajua watu hao kwa sura. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu hapa mkoani kwetu, inawapokea Wacongo tangu 1996. Wapo waliovuka ziwa kwa boti usiku kutoka Baraka na Fizi wakiwa watoto, na leo wana watoto wao waliozaliwa kambini, wanaosema Kiswahili cha huku na cha kule, na wanaoipenda Barcelona. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na waasi wa M23. Februari ikafuata Bukavu. Miezi michache baadaye ndipo mkataba wenu ukatangazwa.

Mimi si miongoni mwa wanaotaka mkataba huo uvunjwe. Congo ni nchi kubwa, nzuri, yenye muziki, mito na watu ambao dunia haiwafahamu kwa lingine ila vita, na ina haki ya kujitangaza kama nchi nyingine yoyote. Lakini fedha hizo ni za umma wa nchi ambayo mamilioni ya watu wake hawalali kwenye nyumba zao. Mkizipokea, mmechukua pia deni kwao. Mwasisi wenu angelijua deni hilo, kwa kuwa naye alifukuzwa na wenye nguvu, akarudi akakuta mlango wa nyumba yake umefungwa.

Kwa hiyo nawaomba haya. Mafunzo ya watoto mliyoyaahidi yasiishie Kinshasa. Yafike mashariki mahali ambapo usalama unaruhusu, na pale ambapo hauruhusu, yawafuate watoto wa Congo walipo: Nyarugusu hapa kwetu, Nakivale kule Uganda, na kambi nyingine za mpakani. Mtoto wa Uvira hakomi kuwa Mcongo kwa sababu yuko Kasulu. Kila mwaka wa mkataba waambieni wanachama wenu, na muwaambie Wacongo, ni watoto wangapi mmewafikia, katika miji ipi na kambi zipi, na ni kiasi gani cha fedha kimetumika kwao. Wanachama wenu wana haki ya kujua, kwani wao ndio wenye klabu. Ndiyo fahari yenu kuu kwamba Barcelona haina tajiri mmoja anayeimiliki. Na katika ile nyumba ya Congo pale Camp Nou, baada ya ngoma na sokwe na madini, wekeni sauti za waliokimbia. Wapo wanaoweza kusimulia vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa matangazo.

Nina neno pia juu ya alama ile ya UNHCR. Makubaliano yenu yalikuwa ya misimu minne, na misimu hiyo ina mwisho. Msiiache alama hiyo ipotee kimyakimya kwa sababu mgongo wa jezi una bei. Mkiiondoa, semeni mbele ya watu kwa nini mmeiondoa. Huku kambini, watoto wanajua kabisa ile alama ni ya nani. Wanaiona kwenye mahema yao, kwenye madumu ya maji na kwenye kadi za chakula, kisha wanaiona mgongoni mwa wachezaji wenu. Hakuna tangazo lingine duniani linalowaambia watoto hao kwamba wao nao wamo.

Nimesikia hoja kwamba klabu ya mpira si shirika la misaada, na kwamba ina madeni ya kutosha. Najua kwamba mna madeni. Hata huku habari hizo zinatufikia, na mashabiki tumeumia tulipoona wachezaji wakubwa wakiondoka kwa sababu ya fedha. Lakini klabu iliyokuwa na wanachama 38 mwaka 1908 nayo ilikuwa na madeni. Gamper hakuiponya kwa kuiuzia kila mtu kila kitu. Aliiponya kwa kuwafanya watu wa mji ule waamini kwamba ni yao, na wao wakaibeba. Sisi wa huku ni sehemu ya watu hao sasa. Tunalipa viingilio vya banda umiza, tunanunua jezi, hata kama nyingi ni za mitumba, tunawapa watoto wetu majina ya wachezaji wenu. Hatuombi malipo kwa hilo.

Tunachoomba ni kwamba mtu yule aliyekaa kwenye ofisi za gazeti Jumanne na Ijumaa usiku, akiwangoja wageni wenzake, ajulikane kwa jina na kwa maisha yake yote. Ajulikane kwamba alianzisha, akaokoa, akafukuzwa, akazuiliwa, akafilisika, akafa kwa huzuni. Na ajulikane hivyo katika lugha ambazo watoto wa Nyarugusu wanazisikia.

Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yangu, na ndiyo lugha ya wengi wa wale ninaowasemea, pande zote mbili za ziwa. Mna wafanyakazi wengi na mna mashabiki Wacongo na Watanzania humohumo mjini Barcelona, mkiwaita, watawasomea. Mkijibu kwa Kikatalani, Kihispania au Kifaransa, sisi tutatafuta wa kututafsiria, na jibu lenu tutalibandika kwenye mbao za mabanda umiza ya Kigoma na Kasulu ili kila mtu alisome. Naomba lije kabla ya Agosti, kabla ya mechi nyingine ya Kombe la Joan Gamper.

Wenu katika rangi za buluu na damu ya mzee,

Shabiki wa Barcelona,
Kigoma, Tanzania.